Wa Kaptula na wa Koti

Kwa karibu miaka thelathini kaka yangu na mimi tulibishana juu ya wanamieleka wawili, ni nani kati yao aliyekuwa mkubwa zaidi. Ubishi ulianzia kwetu, katika mji mdogo wa bara nchini Kenya, sebuleni kwa jirani muuza mbao aliyekuwa na televisheni. Tulipohamia Maryland nao ukahamia. Katika mwaka wa mwisho wa maisha yake ulipamba moto kuliko wakati wowote, kwa sababu nilikuwa nikimpeleka kliniki mara tatu kwa wiki na ndani ya gari hatukuwa na mada nyingine isiyouma.

Figo zake zilikuwa zimekufa. Kisukari kilizimaliza polepole, kikaanza kula na macho. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nilitoka kwangu Laurel saa kumi na mbili asubuhi, nikamchukua Langley Park, ghorofa ya pili, ambako aliishi na binti yake aliyekuwa akisoma chuo. Saa moja alikuwa ameshakaa kwenye kiti, sindano mbili mkononi, damu yake ikitoka, ikisafishwa na mashine, ikirudi. Hivyo kwa muda wa saa nne nzima. Halafu nilimrudisha nyumbani akiwa amelegea kama nguo iliyokamuliwa, nami nikaenda zamu yangu ya jioni kwenye nyumba ya kutunza wazee.

Wanamieleka wale tuliwaita kwa mavazi yao, maana utotoni Kiingereza cha mtangazaji kilitupita. Wa Koti aliingia na koti la manyoya meupe linaloburuta sakafuni, taa zimezimwa, fataki zinalia, wanawake wanalia. Alichukua mkanda wa ubingwa akiwa kijana mno, akaushika miaka michache ambayo hakuna aliyemgusa, kisha akaacha akiwa bado kileleni. Akaenda kuigiza filamu. Huyo alikuwa wangu. Wa Kaptula alivaa kaptula nyeusi isiyo na pambo lolote na aliingia ulingoni kama mtu anayeingia kazini. Alipigana zaidi ya miaka ishirini. Ubingwa aliupata mara moja tu, kwa miezi michache. Muda wake mwingine wote aliutumia kuwapandisha wengine: akiletwa kijana mpya, wa Kaptula ndiye aliyepewa apigane naye vizuri na mwishowe aangushwe, ili watu waamini kwamba kijana ni hatari. Kaka yangu alimpenda huyo, na hakuwahi kuyumba.

"Mtu aliyeshinda ubingwa mara moja utamwitaje mkubwa?" nilimwambia asubuhi moja tukiwa tumekwama University Boulevard, katikati ya mapipa ya rangi ya chungwa, mahali wanapojenga reli mpya.

"Nitajie mtu mmoja aliyepanda juu bila kupitia mikononi mwake."

"Wa Koti."

"Wa Koti?" Aliligeuza lile jicho lake lililokuwa bado linaona kidogo. "Pambano la kwanza la wa Koti watu walilolipigia makofi, alipigana na nani? Na nani alimshika asivunjike shingo aliporuka vibaya?"

Alijua kwamba nalijua jibu. Nikajifanya naangalia taa za barabarani.

Kliniki alikuwa na jirani wa kiti, Mmarekani Mweusi mwenye miaka sabini na kitu, mwalimu mstaafu wa historia aliyejifunza Kiswahili chuoni ujanani mwake, akakitunza maisha yake yote kama watu wanavyotunza vyombo vya wageni. Alikuwa akisema "sivyo hivyo?" na "kwa hakika" pale ambapo sisi tungesema "ama?" na "kabisa". Kaka alimpenda papo hapo. Mzee yule aliwahi kumwona wa Kaptula kwa macho yake, Baltimore, miaka mingi iliyopita, kabla hata hajawa mtu wa televisheni. Tulimfanya hakimu wetu, lakini kila tulipomwomba hukumu alituletea swali.

"Ndugu zangu," alisema siku moja, mashine zikikoroma pande zote, "matokeo ya mchezo huu hupangwa kabla. Kwa hakika mnafahamu. Sasa ukubwa wa mtu anayepangiwa kushinda ni nini hasa?"

Nikasema ukubwa ni kuchaguliwa. Kati ya wanaume mia wenye misuli, mmoja anachaguliwa, na hachaguliwi bure.

Kaka alichelewa kujibu. Fundi wa mashine, mama Mkongomani aliyekuwa akimwita Papa, alikuwa anampima presha na kumgombeza: "Papa, ulikunywa mayi mingi tena. Uzito inapanda." Alipoondoka, kaka akasema, "Wanapanga atakayeshinda. Lakini sakafu haipangwi. Ukiangushwa umeangushwa. Yule bwana ameanguka kwa mgongo usiku baada ya usiku, miji yote ya Amerika, ili wengine waonekane wanaume. Mimi nikiulizwa mkubwa ni nani, namtazama aliyeanguka mara nyingi."

Mwalimu alitikisa kichwa taratibu, akafumba macho. Mimi nikacheka nikasema hiyo ni sifa ya godoro. Kaka naye akacheka, mpaka mashine ikapiga king'ora kwa kuwa alikuwa ametikisa mkono.

Kuna jambo lazima niliseme kabla sijaendelea, kwa sababu lilikuwa linakaa nasi garini kila siku.

Kaka ndiye aliyetangulia Amerika. Alifua mashuka ya hospitali mchana na kuegesha magari ya watu usiku, akaniita, akanilaza sebuleni kwake miaka miwili, akanilipia masomo ya uuguzi msaidizi. Figo zake zilipoanza kushindwa, madaktari walimweleza kwamba ndugu wa damu anaweza kutoa moja. Hakuniomba. Alinieleza tu, kama mtu anayeeleza habari za hali ya hewa, akaniachia. Nami nikasema nitakwenda kupimwa. Nikasema hivyo mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nilikuwa na zamu nyingi. Mwaka wa tatu nilikuwa naogopa, na nilijua kwamba naogopa: niliwaona wazee wa kazini kwangu na mirija yao, nikajiona mimi. Nilipokwenda hatimaye, nesi alinifunga kile kitambaa cha presha mkononi mara tatu, akatoka, akarudi na daktari. Presha yangu ilikuwa juu mno na figo zangu zenyewe zilikuwa zimeanza kuumia. Haikuwezekana. Nikamuuliza daktari kama ingewezekana miaka mitatu nyuma. Akasema hawezi kujua. Alisema kwa upole sana, na upole ule ndio ulionijibu.

Kaka nilipomweleza alisema, "Basi kunywa dawa zako." Tangu hapo hakuligusa tena. Kilichobaki ni orodha ya kungojea figo ya mtu aliyekufa.

Kwa sababu ya macho, barua zake nilikuwa nazisoma mimi. Siku moja ya mwezi wa kumi na moja binti yake alinipa furushi la wiki nzima, nikalifungua nikiwa kwenye gari nje ya kliniki, yeye akiwa ndani kwenye mashine. Miongoni mwake kulikuwa na barua kutoka kwa watu wa upandikizaji. Moyo wake, walisema, baada ya vipimo vya mwisho, haungehimili upasuaji. Jina lake lilikuwa limeondolewa kwenye orodha. Chini waliandika namba ya kupiga kama angekuwa na maswali.

Niliikunja, nikaiweka chini ya zulia la gari upande wa dereva. Nilijiambia kwamba daktari wake atamweleza watakapoonana, na walikuwa waonane baada ya wiki tatu. Nilimsomea zile nyingine: bima, chuo cha binti, tangazo la matairi.

Siku nne baadaye alianguka bafuni. Haikuwa vibaya sana, lakini hospitali walimlaza siku mbili tatu wamwangalie. Nilimkuta amekaa kitandani na bandeji juu ya nyusi, binti yake yuko kwenye kiti cha pembeni na vitabu vyake. Nadhani alitaka kututoa hofu, maana nilipoingia tu alisema, "Umeona nilivyoanguka? Wa Kaptula mwenyewe angenipigia saluti."

Mimi ningepaswa kumwambia kwamba wa Kaptula angeanguka na kuinuka. Hiyo ndiyo ingekuwa zamu yangu. Badala yake nilimtazama, bandeji, mkono wenye mshipa uliovimba kama kamba, miguu midogo chini ya blanketi, nikasikia kinywa changu kinasema, "Umeshinda, brathe. Nimefikiria sana. Wako ndiye mkubwa."

Uso wake ukabadilika. Aliniita nisogee, akanishika mkono, kisha akasema pole pole:

"Wamekuambia nini?"

"Nani?"

"Miaka thelathini hujawahi kunipa hata nukta moja. Wamekuambia nini kuhusu mimi?"

Nikasema hakuna. Binti yake aliinua kichwa kutoka kwenye vitabu, akatutazama kwa zamu. Anakielewa Kiswahili chote, ila hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza chake aliniuliza, "Anko, kuna nini?" Sikuweza kuwadanganya wawili kwa mpigo. Nilishuka hadi kwenye gari, nikainua zulia, nikapanda na ile barua ikiwa na alama ya kiatu changu, nikamsomea kaka yangu mbele ya mtoto wake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza tarehe ya barua. Nilipoisoma, alihesabu kimya kimya, akageukia dirishani.

"Ondoka kwanza," alisema.

Wiki mbili hakuzungumza nami. Nilimpeleka na kumrudisha kama kawaida, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Alipanda, akajifunga mkanda, akafumba macho. Niliomba msamaha mara moja pale kwenye taa za barabarani, akainua kiganja kunizuia. Kliniki alisinzia au alijifanya anasinzia. Ni mwalimu aliyeniita siku moja nilipokuja kumchukua. Kaka alikuwa kwenye mizani akipimwa uzito, na mwalimu alikuwa amekaa akibonyeza pamba mahali sindano ilipotoka.

"Ndugu yako amenisimulia," alisema. "Nina jambo la kukuambia na sitaki uchukie. Barua atakusamehe. Sisi sote hapa tunafahamu zile barua. Lakini hapa kila mtu anatuhurumia. Wauguzi, madereva, watoto wetu, hata kanisani. Wewe ulikuwa mtu pekee aliyekuwa akimpinga. Sasa na wewe umejiunga na wengine. Sivyo hivyo?"

Nikasema sikukusudia.

"Kwa hakika hukukusudia," akasema, akaendelea kubonyeza pamba yake.

Alhamisi iliyofuata tulikwama tena kwenye yale mapipa. Mvua ya baridi ilikuwa inanyesha, karibu iwe theluji. Nilikuwa na hotuba niliyoiandaa usiku mzima, lakini nilipofungua kinywa ilitoka ovyo na kwa sauti kubwa mno. Nikasema nilichosema hospitalini kilikuwa upuuzi. Nikasema wa Kaptula hakuwa mkubwa, alikuwa mtu asiyejua kukataa. Wakubwa wa kampuni ya mieleka walimwambia lala akalala, miaka ishirini, hakuna siku aliyosema leo sitaki, na mtu wa namna hiyo hatumwiti shujaa, tunamwonea huruma. Wa Koti angalau alijua thamani yake. Aliwaambia basi, akatoka kwa miguu yake mwenyewe.

Vipangusio vya kioo vilienda na kurudi. Nikadhani nimeharibu kabisa.

"Akatoka," kaka alisema hatimaye, macho bado kayafumba, "kwa sababu alijua kuna mtu wa kubaki."

Sikujua kama alikuwa anamsema wa Koti tu. Lakini sikukubali, nikajibu, naye akanijibu, na tulipofika kliniki tulikuwa tunapigiana kelele hadi yule mama Mkongomani akauliza ni nani amefariki.

Mwalimu ndiye aliyetangulia, mwezi wa kwanza. Tulikuta kiti chake kina mtu mwingine, kijana anayetetemeka akishikwa mkono na mkewe. Kaka hakuuliza lolote na wauguzi hawakumwambia lolote, sheria hairuhusu. Alikaa, akanyoosha mkono kwa sindano. Tukiwa njiani kurudi alisema mwalimu hakuwahi kutoa hukumu, na kwamba alikuwa amebakiza kumuuliza kitu kuhusu lile pambano la Baltimore. Hakuniambia ni kitu gani.

Katikati ya mwezi wa tatu nilimfikisha nyumbani Alhamisi, nikamsaidia ngazi, tukapumzika kwenye kila kituo. Mlangoni akasema, "Jumamosi usije."

"Una miadi nyingine?"

"Nimemaliza. Nimezungumza na daktari, nimezungumza na mtoto. Sitaki tena ile mashine."

Nilisema yote ambayo mtu husema. Nilisema habari za binti, nikasema habari za Mungu, nikakasirika, nikamwambia anakimbia. Alinisikiliza akiwa ameegemea fremu ya mlango. Halafu akaniambia, bila ukali, "Mimi nimekuambia uje unisaidie. Sijakuambia uniruhusu."

Alikaa siku tisa. Nesi wa wagonjwa wasiotibika alikuwa anakuja nyumbani asubuhi na dawa za kumtuliza. Siku ya kwanza, Jumamosi ile ambayo tungekuwa kliniki, alimwomba binti yake chai. Kwa miaka minne alikuwa anapimiwa maji kwa kikombe kidogo, ananyonya vipande vya barafu, analamba midomo. Binti alichemsha chai ya maziwa mengi na tangawizi, kama ya kwetu, akaileta kwenye kikombe kikubwa kabisa cha nyumba. Kaka aliishika kwa mikono miwili. Akainywa yote bila kupumzika, ikamwagikia kifuani, akaomba nyingine. Binti alikwenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Siku za mwanzo tulibishana kidogo. Alikuwa anachoka baada ya sentensi mbili, nami nikasubiri apate pumzi ndipo nimpinge, kwa sababu kumpinga akiwa hana pumzi ingekuwa uonevu. Kutoka siku ya tano alianza kuchanganya. Alinidhania baba yetu, akaniomba radhi kwa ajili ya baiskeli fulani. Siku ya saba alinijua tena kwa muda mfupi, nikamwambia kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama yetu kwamba ningekwenda kupimwa mapema, kwamba nilikuwa mwoga, kwamba najua. Alinitazama. Sijui alisikia kiasi gani. Alisema miguu ina baridi, nikamvalisha soksi.

Alikufa saa tatu asubuhi, siku ya jua, malori ya ujenzi yakilia mlio wao wa kurudi nyuma huko chini barabarani. Tulimzika hapa hapa Maryland, kwa sababu ndivyo alivyotaka binti yake, na watu wa kanisa letu waliimba vizuri na kula vizuri.

Mwezi wa tano, nikiwa kwenye maegesho nangoja zamu ianze, simu yangu iliniletea mahojiano na wa Kaptula. Sikuwa nimeyatafuta. Alikuwa mzee, mabega yameshuka, amekaa kwenye sofa na mkewe. Walimuuliza kuhusu lile pambano lake maarufu na wa Koti. Akatabasamu, akamgeukia mkewe, mkewe akaanza kumsimulia, yeye akawa anasikiliza kama mtu anayesikia habari za mwingine. Hakumbuki. Siyo pambano lile tu, miaka mizima. Kichwa kimeanguka mara nyingi mno, mkewe alisema, na madaktari hawana la kufanya. Kisha walionyesha wa Koti kwenye sherehe fulani, mwembamba, meno meupe, akisimulia pambano lile lile neno kwa neno.

Niliyatazama mara mbili. Hiyo ilikuwa hoja yenye nguvu kuliko zote nilizowahi kuwa nazo.

Jumapili nilipopita Langley Park kumsaidia binti kufungasha, kwa kuwa alikuwa anahamia chumba kidogo karibu na chuo, nilimweleza. Alikuwa anakunja mashati ya baba yake na kuyaweka kwenye mfuko mweusi. Hakushangaa. Alinijibu kwa Kiingereza kwamba mahojiano yale ni ya zamani, kwamba yeye na baba yake waliyaona mwaka mmoja nyuma, kwenye kompyuta yake. Baba hakuweza kuiona picha vizuri, kwa hiyo alikuwa akimuuliza: anafanya nini sasa, anatazama wapi, mkewe amemshika mkono? Yeye alimweleza. Kabla hayajaisha baba alimwambia azime.

"Akasema nini?" nilimuuliza.

"Akasema, usimwambie anko wako."

"Halafu?"

Alikunja shati jingine, akalibana kwa kidevu ili kunyoosha mikono.

"Hakusema kitu kingine," alisema. "Aliomba nimpeleke kulala. Ilikuwa saa kumi mchana."